MREJESHO: Bei zimerudi, oda za mchana zipo zote

Wakuu, lile suala la UPDATE (amri ya kubadilisha data) kupita bila WHERE (sharti la kuchagua bidhaa zipi ziguswe) kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, bidhaa zote zikabaki na bei moja, limeisha. Asanteni mliokataza kurejesha bakapu ya usiku juu ya hifadhidata inayotumika. Oda za mchana kutwa zingepotea.

Logi ya binari (faili ambamo MySQL huandika kila badiliko la data) ilikuwa imewashwa (toleo la 8.0 huiwasha lenyewe) kwa mtindo wa ROW, ambao huandika kila safu (mstari wa jedwali) iliyoguswa ilivyokuwa kabla na ilivyo baada. Hiyo ya kabla ndiyo dawa. Nilitoa FLUSH BINARY LOGS (hufunga faili ya logi ya sasa na kufungua mpya), nikanakili faili pembeni isije ikafutwa muda wake ukiisha, kisha nikaisoma kwa zana ya mysqlbinlog --verbose --base64-output=DECODE-ROWS. Jiandaeni kisaikolojia: safuwima hazina majina humo, ni @1, @2, @3, unahesabu mwenyewe.

Namba za bidhaa na bei za zamani nikaziingiza kwenye jedwali la pembeni, nikasahihisha ndani ya muamala (yote yapite au yote yafutwe), ila tu pale bei ya sasa ilipokuwa bado ile mbovu. Sharti hilo lililinda bei ambazo watu walishazirekebisha kwa mkono.

Angalieni mpangilio wa binlog_row_image, unaoamua safuwima zipi huandikwa kwenye logi. Ikiwa MINIMAL badala ya FULL, bei ya zamani haimo. Itabidi kurejesha bakapu kwenye seva nyingine na kurudia mabadiliko yaliyomo kwenye logi hadi kabla ya kosa.

Zimebaki oda zilizouzwa kwa bei mbovu. Hizo ziko kwa wahasibu.