Nani kawaambia Lu Xun anaitwa "Bwana Xun"? Inakera sasa!

Wakuu, habari za muda huu. Nimekuja nimevimba, mnivumilie.

Nimerudishiwa sura ya kwanza ya tasnifu imejaa wino mwekundu, na karibu wino wote umeishia kwenye jina la mtu mmoja, Lu Xun, mwandishi wa China. Kila nilipoandika Lu (1918), msimamizi amekata akaandika Xun (1918). Kwenye marejeo, Lu Xun kageuzwa kuwa "Xun, L." Pembeni kaniwekea na somo: jina la ukoo ndilo linalokaa mwisho, zingatia mwongozo. Mwongozo gani huo? Ule unaodhani dunia nzima imepewa majina na Waingereza?

Wachina wanaanza na ukoo, hili si siri ya serikali. Magazeti yetu haya haya yanaandika "Rais Xi", sijawahi kuona mhariri akaandika "Rais Jinping". Mao ni Mao. Yao Ming, yule Mchina wa mpira wa kikapu, alipokuwa anachezea Houston Rockets mgongoni paliandikwa YAO, na Wamarekani wakamshangilia Yao bila kuumwa kichwa. Ikifika zamu ya mwandishi aliyeiweka fasihi ya kisasa ya China kwenye miguu yake, ghafla hakuna anayejua jina lake linaanzia wapi.

Na si chuo changu peke yake. Soma makala za Kiingereza mtandaoni, utakuta Xun kasema hivi, Xun kaamini vile, tena zimeandikwa na watu wenye shahada zao. Programu za marejeo nazo ni balaa jingine: unaingiza jina vizuri, yenyewe inachukua neno la mwisho inalifanya ukoo. Ukilazimisha likae "Lu, X." ukaenda kutafuta kwenye hifadhidata, unamwagiwa makala za kemia na uhandisi, maana kina Lu X. huko ni wengi kama kina Juma hapa kwetu.

Hapo hata sijagusa tahajia. Zile kazi teule za Lu Xun zilizotoka Beijing miaka ya 1950, tafsiri ya Yang Xianyi na mkewe Gladys Yang, zimeandikwa Lu Hsun. Huo ni mfumo wa Wade-Giles, njia ya zamani ya kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, ambao kwa haki yake unataka hiyo u ya Hsun iwe na nukta mbili juu, ila wachapaji wengi walizitupa tu. Mwaka 1979 China ikahamia pinyin, mfumo wake yenyewe wa herufi hizo, kwenye machapisho yake ya lugha za kigeni, akawa Lu Xun. Maktaba ya Bunge ya Marekani ikasubiri mpaka 2000 ndiyo ikabadilisha. Kwa hiyo unakuta rafu moja, mtu mmoja, majina mawili. Na kweli, mwenzenu nimeulizwa: "Huyu Lu Hsun ni nani, mbona hujamtaja kwenye mapitio ya machapisho?" Nilitamani kulia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hilo jina mtu alijichagulia mwenyewe. Alizaliwa Shaoxing mwaka 1881 kwenye ukoo wa Zhou, akajulikana kama Zhou Shuren. Mdogo wake Zhou Zuoren naye alikuwa mwandishi mkubwa, yeye akabaki na ukoo wake. Kaka mtu alianza kusaini Lu Xun mwaka 1918, kwenye ile hadithi ya shajara ya mwendawazimu iliyotoka katika jarida la Xin Qingnian. Lu ni ukoo wa mama yake, Lu Rui. Sasa wewe na kalamu yako nyekundu ukiikata Lu ukabakiza Xun, umemfuta mama wa watu, halafu unaniambia huo ndio usomi!

Kuna mjuaji mmoja darasani kaniambia eti kwa kuwa ni jina la kubuni, halina ukoo, kwa hiyo liandikwe vyovyote. Haya. Mark Twain alikuwa Samuel Clemens. George Orwell alikuwa Eric Blair. Nani amewahi kurudishiwa kazi akiambiwa aandike "George, O."? Jina la kubuni la Mzungu linaheshimiwa lilivyo, la Mchina ndilo linapinduliwa.

Na kama mnafikiri Lu Xun mwenyewe hakuyaona haya, someni sura ya kwanza ya hadithi yake ya Ah Q, ilianza kutoka gazetini Beijing Desemba 1921 (tena hapo alisaini jina jingine kabisa, Ba Ren). Msimulizi anahangaika, hajui Ah Q ni wa ukoo gani. Siku moja Ah Q alijitapa kuwa ni wa ukoo wa Zhao, mzee Zhao akamwita akamzaba kibao: wewe una hadhi gani ya kuitwa Zhao? Jina lenyewe msimulizi hajui liandikwe kwa herufi zipi za Kichina, basi analiandika kwa tahajia ya Kiingereza, Quei, kisha analikata libaki Q. Aliwacheka hawa kabla hawajazaliwa.

Nimemwandikia msimamizi barua pepe ya adabu kabisa, nikamwambatishia ukurasa wa katalogi ya hiyo Maktaba ya Bunge unaosomeka "Lu, Xun, 1881-1936". Jibu lake: "Fuata mwongozo wa idara." Nimeusoma mwongozo wa idara toka jalada hadi jalada, majina ya Kichina hayamo hata kwa bahati mbaya.

Wakutubi na mlioko idara za fasihi, chuoni kwenu mnamwandikaje? Mwenye mwongozo wa chuo chochote cha Afrika Mashariki unaotaja majina ya Kichina kwa maandishi aniwekee hapa, Jumatatu nina kikao naye. Wale wa "ni jina tu, kaza moyo" piteni kimya kimya.