Umeongoza kwa kura, umekosa urais: Marekani wanahesabuje?

Mtu wa Mbagala: Wakuu, naomba darasa. Kwetu kura ya Mbagala na ya Kigoma zinaingia kapu moja, mwenye nyingi ndiye rais. Sasa 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, akashindwa. Ilikuwaje? Na mbona wagombea hawabanduki Pennsylvania wakati watu wamejaa California?

Hesabu Kali: Mkuu, kule makapu ni 51: majimbo 50 na jiji la Washington. Kila jimbo lina wajumbe, hao ndio wanaomchagua rais, sawa na viti vyake Baraza la Wawakilishi la bunge lao, ongeza maseneta 2. Washington wana 3. Jumla 538, unatafuta 270.

Majimbo 48 na Washington wana utaratibu mmoja: ukiongoza hata kwa kura moja, unazoa wajumbe wote. Maine na Nebraska tu ndio hugawa kwa wilaya. Clinton aliongoza California kwa zaidi ya milioni 4. Angeongoza kwa kura 10 angepata wajumbe walewale. Trump akapita Michigan kwa kura 10,704, Wisconsin 22,748, Pennsylvania 44,292. Hazifiki 78,000, zimembebea wajumbe 46. Mchezo uliishia hapo.

Bi Karani: Naongezea la watu kujitokeza, maana wengi wanalipuuza. Mfuasi wako akibaki nyumbani, pengo linasogea kura 1. Akihamia kwa mpinzani linasogea 2. Ila kumhamisha mtu ni kazi ngumu, kwa hiyo timu za kampeni hukazana kumtoa nyumbani aliye wao tayari. Uchaguzi ni Jumanne, na si sikukuu ya taifa, watu wako kazini. Ndiyo maana wanahimiza kura ya mapema na ya posta. Orodha ya waliokwisha kupiga inapatikana kabla ya siku yenyewe: aliyepiga wanaacha kumsumbua, simu zinahamia kwa ambao bado.

Posta nayo ina mitego. Pennsylvania, karatasi isipotiwa kwanza kwenye bahasha ya siri ya ndani, inakataliwa. Kwa jimbo la pengo dogo hiyo ni hasara kubwa ya kijinga.

Na msidhani watu wakijaa vituoni basi Democrats, chama cha Clinton na Biden, wamepita. 2020 walijitokeza kama asilimia 66 ya wenye haki ya kupiga kura, Joe Biden akashinda. 2024 walikuwa kama 64, bado wengi, Trump akabeba majimbo yote saba ya ushindani.

Mtu wa Mbagala: Asanteni sana. Wakifungana 269 kwa 269?

Hesabu Kali: Linakwenda Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura 1, anahitajika mwenye 26. Wyoming yenye watu wachache na California nguvu sawa, cheka tu.

Yale majimbo saba ya ushindani ni Pennsylvania, Georgia, North Carolina, Michigan, Arizona, Wisconsin na Nevada, wajumbe 93. Usiyakariri lakini, hubadilika. Florida iliamua urais wa 2000 kwa kura 537. 2024 Trump aliichukua kwa pengo la asilimia kama 13.