Mrejesho: mtaro wetu wa Kigogo, Dar es Salaam, na ile mboji

Wakuu, niliwauliza humu kikundi chetu cha mtaa kianzie wapi kupunguza taka, maana zinaziba mtaro na mvua ikikolea mto Msimbazi unatuingilia ndani. Mkasema tutenganishe: chupa ziuzwe, mabaki ya jikoni yaozeshwe yawe mboji, yaani mbolea.

Chupa hazikusumbua, wanunuzi wanazifuata wenyewe, kwa kilo. Mboji ndiyo ilitutoa jasho. Wiki ya pili pipa lilinuka hadi jirani akatishia kutupeleka kwa mjumbe. Maganda ya ndizi kutoka kwa mama ntilie yameloa tepetepe, funza tele. Tukachanganya maranda ya seremala, tukawa tunageuza kila siku ya tatu. Sasa ni nyeusi, inanukia udongo wa mvua. Jirani yule yule kaja kuomba ndoo ya mboji kwa ajili ya mchicha wake!

Mtaro bado unaziba. Wenzetu wa upande wa juu wa mtaro wanaendelea kutupa taka.