Tunalipia intaneti ya jengo, kisha tunakatazwa kufunga ruta zetu ndani ya nyumba tunazopanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa suala lenyewe linawagusa wapangaji wengi wa maghorofa ya Dar es Salaam ambao mikataba yao inawalazimisha kulipia intaneti ya jengo pamoja na ulinzi, usafi na taa za korido, watake wasitake. Katika jengo ninaloishi, fedha hizo hulipwa pamoja na kodi, miezi sita kwa mkupuo, na mpangaji asiyeigusa intaneti hiyo hulipa sawasawa na anayeitumia usiku na mchana. Sasa uongozi wa jengo umebandika tangazo linalomkataza mpangaji yeyote kuunganisha ruta yake (kifaa cha kugawa intaneti) kwenye tundu la mtandao lililomo ndani ya nyumba yake, umeweka faini ambayo haimo kwenye mkataba wa pango niliousaini, na fundi wao ameshazifungia ruta za baadhi yetu, yangu ikiwamo.

Nieleze kwanza mtandao wenyewe ulivyofungwa, ili tusije tukabishana gizani. Laini moja ya faiba inaingia chini, kwenye chumba kidogo kilicho karibu na jenereta, na humo ndimo zilimo ruta kuu na swichi, yaani vifaa vya kuunganishia nyaya za mtandao. Kutoka hapo nyaya zinapanda hadi kila ghorofa. Kila nyumba ina tundu moja ukutani sebuleni, juu kidogo ya soketi ya televisheni, na kila korido ina kifaa kimoja cha kurushia Wi-Fi kilichofungwa darini. Wi-Fi hiyo ya korido ndiyo tunayotakiwa kuitumia sote. Ina jina moja na nywila moja kwa jengo zima, na nywila yenyewe imeandikwa kwa maka peni kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kibanda cha mlinzi. Anayo kila aliyewahi kupanga hapa akahama, kila fundi bomba aliyepita, na kila kijana wa bodaboda aliyeleta chakula akaomba aunganishwe wakati akisubiri malipo.

Mawimbi ya kifaa hicho yakishapenya mlango wa chuma na kuta mbili za tofali za saruji, chumbani hubaki alama moja ya kubahatisha. Hilo ningelivumilia. Nisiloweza kulivumilia ni kwamba vifaa vyote vya jengo vimo ndani ya mtandao mmoja usio na ukuta wowote kati ya familia na familia. Mashine yetu ya kuchapa, ambayo mke wangu huitumia kwa kazi zake za ualimu, siku moja iliwaka yenyewe ikatoa karatasi mbili zenye majibu ya vipimo vya hospitali ya mtu mwingine, jina lake kamili likiwa juu kabisa ya ukurasa. Alikuwa dada wa ghorofa ya juu yetu, ambaye simu yake ilimwonyesha orodha ya mashine zilizopo kwenye mtandao naye akachagua ya kwanza aliyoiona. Nilimpelekea karatasi zake zikiwa zimekunjwa ndani ya bahasha, na namna alivyozipokea pale mlangoni, macho yake chini, bila kusema neno zaidi ya ahsante, ndiyo iliyonifanya niamue kwamba familia yangu haitaendelea kuishi hivi.

Yapo pia mambo yasiyoonekana kwa macho. Mtandao wa Wi-Fi unaolindwa kwa WPA2 (mfumo wa kuyaficha mawasiliano ya Wi-Fi) na nywila moja ya watu wote una udhaifu unaofahamika vizuri: anayeijua nywila, akiinasa ile hatua fupi ambayo simu yako inajiunga na mtandao, anaweza kuyafumbua mawasiliano yanayopita hewani kati ya simu hiyo na kifaa cha korido. Tovuti za benki na nyingine nyingi za siku hizi zina ulinzi wao wa ziada wa HTTPS, lakini kamera za bei nafuu ambazo watu huzifunga ili kuwaangalia watoto wakiwa kazini mara nyingi hazina. Toleo lililofuata, WPA3, lililotangazwa mwaka 2018, liliziba mwanya huo, ila vifaa vya korido za jengo letu havilijui.

Kwa sababu hizo nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikanunua ruta. Kuifunga si jambo la siri wala la kitaalamu mno. Waya unatoka kwenye tundu la ukutani unaingia kwenye mlango wa ruta ulioandikwa WAN, ruta inapewa anwani moja tu (namba ya kutambulika mtandaoni) na mtandao wa jengo, kisha yenyewe inagawa anwani nyingine kwa simu, kompyuta na televisheni za ndani ya nyumba. Ruta kuu ya jengo huona kifaa kimoja tu. Jirani hawezi kuiona mashine yangu ya kuchapa, nami siioni orodha ya televisheni za nyumba nyingine kila ninapoishika simu. Kumtoza mtu fedha ya intaneti kisha kumnyima haki ya kuigawa ndani kwake ni sawa na kumlipisha maji ya DAWASA na kumkataza kuweka simtanki.

Uongozi unasema ruta za wapangaji zinaharibu mtandao wa jengo, na wanatoa mfano wa siku ambayo ghorofa nzima ilikosa intaneti. Mfano huo ni wa kweli na nitaueleza kwa haki. Mpangaji mmoja aliuchomeka waya wa ukutani kwenye mlango wa LAN, ambao ni wa vifaa vya ndani, badala ya WAN, na ruta yake ikaanza kugawa anwani kwa majirani wote badala ya kuzigawa ndani kwake peke yake. Simu za watu zilipokea anwani zinazoanza na 192.168, zikaelekezwa kwenye ruta ambayo haikuwa na njia ya kwenda popote, na intaneti ikawa imekwama ingawa alama za Wi-Fi zilikuwa zimejaa. Lakini kinga ya tatizo hili imo ndani ya swichi za kiofisi kwa miaka mingi sasa: fundi anaiamuru swichi ikatae majibu yoyote ya DHCP (utaratibu wa kugawa anwani) yanayotoka kwenye tundu la mpangaji na iyakubali yale tu yanayotoka kwenye ruta kuu. Ni mpangilio wa dakika chache kwa anayeijua kazi yake. Angeweza pia kuliweka kila tundu kwenye VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa ndani ya swichi, na hapo hata aliyekosea mlango angejikosea mwenyewe bila kumgusa jirani. Jengo lililoachwa bila kinga hizo litaanguka kwa kosa la mtu yeyote, awe na ruta au awe na kompyuta iliyopangwa vibaya, na kosa hilo ni la aliyelipwa kulijenga.

Wanadai pia kwamba ruta zinakula kasi. Ruta haina matumizi yake. Wanaotumia ni wale wale watu wanne wa nyumba yangu, wenye simu zile zile, ambao jana walikuwa kwenye Wi-Fi ya korido. Tena tukitumia waya tunawapunguzia mzigo wenzetu, kwa sababu kwenye chaneli moja ya Wi-Fi vifaa hupokezana zamu ya kuzungumza, na kila kifaa kilicho mbali chenye mawimbi dhaifu huzungumza polepole na kuwachelewesha wote. Kama hofu yao ni mtu mmoja kuhodhi laini, basi waweke kikomo cha kasi kwa kila tundu, kila nyumba ipate sehemu yake. Ningelitia saini pendekezo hilo leo.

Hoja ya mwingiliano wa mawimbi ndiyo pekee yenye uzito, nami siipuuzi. Kwenye masafa ya 2.4 GHz zipo chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, yaani 1, 6 na 11, na jengo lenye ruta nyingi zinazorusha kwa nguvu zote litakuwa na fujo hewani. Dawa yake inajulikana: ruta za ndani zitumie zaidi masafa ya 5 GHz, ambayo yana chaneli nyingi na huzuiwa zaidi na kuta, na nguvu ya kurusha ipunguzwe, kwa kuwa mtu wa vyumba viwili hahitaji kusikika hadi barabarani. Uongozi ungeweza kuliandika hili kuwa sharti na tungelifuata. Ila nilipopima kwa programu ya simu nilikuta vifaa vya korido za ghorofa zinazofuatana, ambavyo ni vya kwao wenyewe, vyote vimewekwa kwenye chaneli 6. Wanaotukataza kwa jina la mwingiliano hawajachukua hata hatua ya kuvitenganisha vifaa vyao.

Namna walivyoifungia ruta yangu nayo inastahili kuelezwa. Kila kifaa cha mtandao kina anwani ya MAC, yaani namba kinayopewa kiwandani, yenye biti 48, na biti 24 za mwanzo kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji. Fundi aliipitia orodha yake, akaziona anwani za watengenezaji wa ruta, akazizuia. Nyumba nyingine zilikatiwa kwa njia ya kificho zaidi. Kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data inayotumwa, hubeba namba ya TTL inayopunguzwa kwa moja kila inapopita kwenye ruta, na ikifika sifuri pakiti hutupwa. Ruta ya jengo ikipangwa kuzituma pakiti zikiwa na TTL ya 1, kompyuta iliyochomekwa moja kwa moja ukutani itazipokea vizuri, lakini ruta ya mpangaji italazimika kuzitupa badala ya kuzipitisha ndani. Mtu anaiona ruta yake inawaka taa zote sawasawa, anadhani ameuziwa kifaa kibovu, anarudi Kariakoo kugombana na muuzaji asiye na kosa. Jirani yangu, mzee mstaafu, alifanya hivyo hasa, akatumia nauli na muda wake, na fundi aliyekuwa anajua sababu alimwacha aende.

Najua wapo watakaoniambia ninakili anwani ya MAC ya kompyuta yangu niiweke kwenye ruta, na kwamba TTL nayo inaweza kupandishwa. Njia hizo ninazifahamu na nimekataa kuzitumia. Mimi ni mpangaji ninayelipa, si mwizi wa mtandao, na nataka ruta yangu iandikwe kwenye daftari la jengo kwa jina na namba ya nyumba yangu, bila kujificha.

Tangazo hilo linaendelea kutishia kwamba jengo litafunga mfumo wa kuizima Wi-Fi yoyote isiyo yake. Mifumo ya aina hiyo hutuma ujumbe wa kughushi unaoiambia simu yako kwamba ruta yako imeikata, tena na tena, mpaka isiweze kuunganishwa. Mwaka 2014 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifikia makubaliano na kampuni ya hoteli ya Marriott ambayo kwayo kampuni hiyo ililipa dola 600,000, baada ya wafanyakazi wa hoteli iliyokuwa inaiendesha mjini Nashville kuzizima Wi-Fi binafsi za wageni waliokuwa kwenye mikutano. Sheria ya Marekani haitufungi sisi, lakini uongozi wetu usijifanye kwamba jambo hili ni la kawaida tu duniani.

Nalo lango la kuingilia mtandao limebadilishwa. Sasa, kabla simu haijaunganishwa, unatakiwa kujaza jina kamili, namba ya simu na namba ya NIDA. Nilimuuliza msimamizi taarifa hizo zinahifadhiwa wapi na nani anazisoma, akanijibu kwamba fundi ndiye anayejua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na awaeleze wahusika madhumuni ya kuzikusanya. Nimeomba kwa maandishi nionyeshwe cheti cha usajili. Sijaonyeshwa.

Na sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike usiku huu. Juzi chini ya milango yetu zilipitishwa karatasi zinazotutangazia kwamba mpangaji anayetaka ruta ndani ya nyumba yake anaweza kukodishiwa na uongozi kwa shilingi 30,000 kwa mwezi, itakayofungwa na fundi yule yule kwenye tundu lile lile. Kwa hiyo ruta inayoharibu mtandao, inayokula kasi na inayovuruga mawimbi huacha kufanya hayo yote pale tu inapokuwa ya kwao na inapolipiwa kodi. Kwa bei hiyo, mpangaji atakuwa ameilipia ruta ya kawaida ya dukani ndani ya miezi michache na bado haitakuwa yake. Hapa pia ndipo linapokuja swali la leseni, kwa maana kuuza huduma ya intaneti kwa watu ni shughuli inayosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na sijawahi kuona popote jengoni leseni ya mtu yeyote.

Wapangaji wa ghorofa tatu tumekubaliana kuandika barua moja kwa mwenye jengo mwenyewe, si kwa msimamizi, tukidai mambo haya: kila nyumba iruhusiwe kusajili ruta moja iliyoidhinishwa, bila malipo ya ziada, faini ifutwe kwa kuwa haimo kwenye mikataba, kila tundu liwe na mtandao wake uliotengwa, na namba za NIDA zilizokusanywa zifutwe mpaka uhalali wake uthibitishwe. Tusipojibiwa, malalamiko yatapelekwa TCRA na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na nakala itaenda kwa baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano.

Ombi langu kwenu ni moja. Wale mnaoishi kwenye majengo ambayo mpangaji anaruhusiwa kusajili ruta yake, tafadhali wekeni hapa maneno ya kifungu hicho jinsi yalivyo kwenye mikataba yenu, mkificha majina ya watu na ya jengo, na mtueleze kama fundi wenu ametumia VLAN au njia nyingine. Tunataka kukiambatanisha kwenye barua kabla ya kikao cha wapangaji cha Jumamosi ijayo.