Mjadala: Origins tuinunue kwa sababu ina Kilwa, au tuipime kama DLC (nyongeza ya gemu inayouzwa kando) nyingine?

Mwanzisha mada, Kigoma mjini

Wakuu, habari za jioni. Nauleta hapa ubishi ambao kwenye kundi letu la wacheza gemu wa Kigoma na Tabora umekataa kuisha, maana kila anayeingia anauanza upya.

Kwa asiyelijua: Europa Universalis IV (EU IV) ni gemu la mikakati ya historia la kampuni ya Paradox ya Sweden, lililotoka Agosti 2013. Unachukua nchi moja tarehe 11 Novemba 1444 na kuiongoza mpaka 1821 katika vita, ndoa za kifalme, dini, biashara na makoloni. Kuanzia 2014 Paradox walitoa DLC za kulipia moja baada ya nyingine, na ukizitaka zote kwa bei kamili utalipa bei ya gemu lenyewe mara kadhaa. Novemba 2021 ikaja Origins, ya Afrika kusini mwa Sahara. Kilwa, Mali, Kongo na Ethiopia zikapata misheni, yaani malengo yenye zawadi, zao wenyewe. Ni nzuri au si nzuri?

Wengi kwenye kundi jibu lao linaanzia Kilwa na kuishia Kilwa. "Tumewekwa, tununue." Mimi nasema DLC inapimwa kwa kutoa. Toa kila kilichokuja bure siku ile ile, kisha tazama kilichobaki. Paradox huachia vitu viwili kwa pamoja: apdeti inayomfikia kila mwenye gemu, na DLC ya pesa. Watu wanavisifu na kuvilaani kama kitu kimoja, na hapo ndipo hesabu inapopotea.

Chukueni Oktoba 2016, apdeti ya 1.18 iliyokuja pamoja na DLC ya Rights of Man. Kabla ya hapo nchi za Afrika zilikuwa zimefungiwa kwenye kundi la teknolojia lililolipa zaidi kwa kila hatua, toka mwanzo wa gemu, na njia ya kutoka ilikuwa kugeuzwa Mmagharibi huku nchi yako ikichafuka. Apdeti ikafuta hayo yote. Zikaja taasisi: Renaissance, ukoloni, uchapaji, biashara ya dunia na nyingine, kila moja inazaliwa mahali fulani na kusambaa, na unaumia pale tu unapochelewa kuipokea. Kwa mara ya kwanza mtu akaweza kuichukua Buganda na kwenda sawa na Ufaransa. Kwa mchezaji wa Afrika sioni badiliko lililozidi hilo, na halikuuzwa. Lilikuwa la bure.

Ila lilikuwa na mtego. Ukiwa mbali na Italia inakozaliwa Renaissance, njia ya uhakika ya kuipata Renaissance ilikuwa kuliendeleza jimbo lako mwenyewe mpaka taasisi izaliwe pale pale. Kitufe cha kuendeleza jimbo kiliuzwa ndani ya Common Sense, DLC ya 2015. Asiyekuwa nayo alikaa akisubiri. Kwa hiyo DLC iliyomfaa zaidi mchezaji wa Afrika kwa miaka ile haikuwa na neno Afrika popote kwenye jina wala picha yake. Anayepima kwa jina angeipita.

Haya, leteni hoja.

Mwana wa Unyanyembe, Tabora

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na bado napinga.

Wewe unapima kama fundi, unahesabu vitufe. Mimi nimecheza Ureno na Castile miaka mingapi, kila safari nikizunguka Rasi na kuikuta pwani yetu ni bandari za kuteka tu. Mombasa, Malindi, Kilwa, unazimeza kabla chai haijapoa. Origins ndiyo ya kwanza kunifanya nikae upande wa pili wa ile meli nikiwa na la kufanya zaidi ya kungoja kupigwa. Mdogo wangu alianza kuniuliza Sofala iko wapi na kwa nini dhahabu yake ilipitia Kilwa. Kipimo chako cha kutoa kina safu ya hilo?

Halafu kuna biashara yenyewe. Hawa watu wanaangalia mauzo. DLC ya Afrika isiponunuliwa hawatasema "wachezaji wa Afrika walitaka bora zaidi", watasema "Afrika haiuzi", na itakayofuata itakuwa ya Ujerumani tena.

Mwanzisha mada, Kigoma mjini

Kaka, hilo la mauzo nalisikia kila mahali, na linanikera kidogo. Kampuni inaona pia maoni ya wanunuzi. Aprili 2021 walitoa DLC ya Leviathan ikiwa na hitilafu kila kona, wanunuzi wakaipiga mpaka ikatajwa kuwa bidhaa yenye maoni mabaya kuliko zote kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, wakati ule. Johan Andersson, kiongozi wa studio yao ya Barcelona, akaomba radhi hadharani. Origins ilifuata miezi saba baadaye kutoka studio hiyo hiyo. Kunung'unika kwa wateja ndiko kulikowaamsha. Ukimsifia mtu kazi kwa sababu tu amekutaja jina, atarudi kukutaja jina.

Na misheni tuziseme zilivyo. Ni orodha ya maagizo: teka jimbo hili upewe madai juu ya lile, jenga hiki upate zawadi kile. Mara ya kwanza ni tamu kweli. Mara ya pili unaijua hadithi, ya tatu unajikuta unafuata reli. Linganisha na kuendeleza jimbo, kitu unachokitumia kila kampeni, nchi yoyote. Matumizi ni mbingu na ardhi.

Mdogo wako kuuliza habari za Sofala ni jambo jema, sibishi. Ila Sofala ilikuwa kwenye ramani kabla ya Origins.

Fundi kompyuta, Isevya

Mnabishana bei ya DLC kana kwamba kitu kingine hakilipiwi. Apdeti "ya bure" inakula bando. Anayelipia bando hapa anajua: DLC yenyewe ukinunua kinachoshuka ni kidogo sana, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi imeshaingia na apdeti. Mzigo ni apdeti. Asiyeutaka aingie Steam, kwenye mipangilio ya gemu, achague toleo la zamani abaki nalo. Paradox wanaliruhusu hilo.

La pili, na nashangaa hakuna aliyelitaja. Mkicheza kwa pamoja, DLC zinazotumika ni za mwenyeji wa mchezo. Mmoja akiwa nazo, wote mnacheza nazo. Kundi la watu wa Kigoma na Tabora halihitaji kila mtu anunue Origins. Mchangieni mmoja.

La tatu, msikimbilie za zamani kwa bei kamili. Paradox wana tabia ya kuziingiza kwenye gemu la msingi baada ya miaka. Kwenye Hearts of Iron IV, gemu lao jingine, wamefanya hivyo kwa DLC za Together for Victory na Death or Dishonor. Someni ukurasa wa duka kwanza, huenda mnataka kulipia kitu mlicho nacho. Na Steam inarudisha pesa ndani ya siku 14 iwapo hujacheza zaidi ya saa 2 tangu ununue. Saa 2 zinatosha kuona misheni.

Mpita njia

Hela yote hiyo kuangalia ramani? Mpira upo.

Mwalimu wa historia, Kasulu

Vijana, nimeusoma mjadala wenu wote, nimecheka na nimefurahi. Mimi silichezi gemu hili kwa ustadi, mwanangu ndiye anayenichezea nikiwa pembeni namsahihisha.

Mnaishi Kigoma na Tabora mnagombea DLC ya Kilwa. Ya kwenu je? Mwaka 1444 Kilwa ilikuwa mji wa mawe wenye sarafu zake. Ibn Battuta aliutembelea 1331 na akaandika. Wa kubuni gemu ana cha kushika. Unyamwezi wa mwaka ule hauna maandishi ya aina hiyo, na misheni zake zingekuwa za kukisia. Sitaki mwanangu akaririshwe makisio kama historia.

Karne ya Tabora na Ujiji ni ya 19. Misafara ya pembe za ndovu, na tusifiche, ya watumwa. Burton na Speke wanafika Ujiji Februari 1858. Mirambo anaijenga Urambo, na 1871 anaingia vitani na Waarabu wa Tabora, njia inafungwa. Mwaka huo huo Stanley anamkuta Livingstone Ujiji. Mirambo anafariki 1884, Isike wa Unyanyembe anapigana na Wajerumani mpaka 1893 anapojilipua ndani ya boma lake. Reli inafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Haya yote yamo ndani ya miaka ya Victoria 3, gemu la kampuni hiyo hiyo linaloanza 1836 na kwisha 1936. Ndiko mngepaswa kupeleka madai yenu.

Mwana wa Unyanyembe, Tabora

Shikamoo mwalimu. Umenigusa penyewe.

Victoria 3 ninalo, toka lilipotoka Oktoba 2022. Sehemu kubwa ya bara letu mle ni ya kile wanachokiita mataifa yasiyo na serikali ya kati. Huwezi kuyachagua. Yanakaa yakingoja kukoloniwa, na nguvu pekee waliyopewa ni hasira inayopanda mpaka yanaasi. Nyongeza zimetoka za Ufaransa, za Amerika Kusini, za India. Mtu aliyewafungia Waarabu njia ya pwani hana pa kukaa.

Mwalimu wa historia, Kasulu

Marahaba. Kwa 1836 wana utetezi: Mirambo alizaliwa karibu 1840, na dola yake haikuwepo. Shida ni kwamba gemu halina mlango wa dola kama ile kuzaliwa baadaye. Italia na Ujerumani hazikuwepo 1836 nazo, na njia ya kuziunda wakaiweka.

Mwanzisha mada, Kigoma mjini

Mwalimu, shikamoo. Hapo umenipa kipimo changu kikiwa na makali zaidi: kuna vitu ambavyo DLC haiwezi kuvitengeneza kwa sababu viko kwenye mifupa ya gemu.

Kwenye EU IV mfano ni biashara. Mali inatiririka kwa mishale iliyochorwa, upande mmoja, haigeuki. Pembe za ndovu za maziwa makuu zinaenda zinakoenda, na mishale yote ya dunia hatimaye inaishia Venice, Genoa au mlango wa bahari wa Uingereza. Uwe Kilwa yenye manowari 200, uwe umeteka India nzima, mshale hautageuka kuja kwako. Unaweza kukusanya njiani, basi. Origins haikuugusa, wala DLC nyingine yoyote. Europa Universalis V iliyotoka Novemba 2025 ndiyo iliyoachana na mishale hiyo na kutumia masoko yanayokua na kufa. Ilibidi gemu jipya liandikwe.

Kwa hiyo ninapoisoma DLC sasa nauliza kama inafungua kitu ambacho gemu lilikuwa limekifunga, au inapamba chumba ambacho mlango wake bado umefungwa. Origins kwa Kilwa ni mapambo mazuri. Nasema mazuri kwa dhati, kazi ya Kilwa wameifanya kwa moyo. Kwa bei ya punguzo inunuliwe. Kwa bei kamili, na kwa sababu ya uzalendo, hapana.

Mwana wa Unyanyembe, Tabora

"Kwa sababu ya uzalendo" hiyo umeiweka wewe. Mimi nilisema raha. Nikicheza nchi ninayoijua nafikiri tofauti, najali mji ukitekwa. Hilo nalo ni mchezo, haliko nje ya mchezo.

Mwanzisha mada, Kigoma mjini

Hilo nakupa. Ila ni raha yako. Usimwambie mwenye hela ya DLC moja tu kwamba aanze na hiyo.

Fundi kompyuta, Isevya

Hela ya DLC moja tu asinunue. Kuna kulipia kwa mwezi tangu 2021, ilianza kwa dola 4.99, unapata zote. Lipa mwezi mmoja wa likizo, zijaribu, simamisha, kisha nunua zile ulizozikosa zilipoondoka. Hicho ndicho kipimo cha kutoa cha mkuu, ila kwa vitendo.

Mwanzisha mada, Kigoma mjini

Fundi, hii imekaa vizuri. Nani anakuwa mwenyeji basi?

Mwana wa Unyanyembe, Tabora

Mimi. Jumamosi. Nachukua Kilwa, na Mreno hakanyagi.

Mwalimu wa historia, Kasulu

Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikanyaga. Jenga meli mapema.