Naomba ushauri: kununua batiki na nguo za kroshia Sabasaba

Wadau, habari zenu. Mwaka huu nataka kwenda Sabasaba, yale maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam, pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Sifuati majokofu, nafuata nguo za mikono: batiki na vizibao vya kroshia.

Kinachonisumbua ni batiki. Ya kweli huchorwa kwa nta ya moto, ikatiwa rangi, kisha ikachemshwa nta itoke. Ndiyo maana ina vile vistari vya nyufa visivyofanana, na rangi hupenya pande zote mbili. Lakini siku hizi viwanda vinachapa hadi hizo nyufa! Nikigeuza kitambaa nikakuta nyuma kumepauka, inatosha kujua ni ya kiwandani, au kuna alama nyingine?

Halafu bei. Kariakoo nabishana bila aibu, ila mama aliyeinamia sufuria ya nta naona haya kumtajia nusu bei. Ninyi mnaanzaje? Na niende mapema kabla ya umati wa Julai 7, au mwishoni wakiwa wanamaliza mzigo?

Mliowahi kununua, mlifuaje mara ya kwanza? Wapo wanaosema chumvi, wapo wanaosema siki.