Bwawa la kuzuia mafuriko limetelekezwa, na tunajibiwa kwamba halijawahi kubomoka

Ndugu wanajukwaa,

Sisi tunaoishi chini ya bwawa la udongo lililojengwa kuzuia mafuriko tumeuliza mara nyingi kwa nini halikarabatiwi, na jibu la wenye dhamana ni lile lile: limesimama miaka yote hii, kwa hiyo ni imara. Hoja hiyo haina mashiko hata kidogo, na inanikasirisha kuisikia kwa watu wanaolipwa kulijua bwawa. Bwawa la aina hii hukaa tupu karibu mwaka mzima likisubiri mvua kubwa, hivyo kusimama kwake kwa miongo kadhaa hakuthibitishi kwamba litahimili siku litakapojaa. Katika ukavu huo udongo hupasuka, na maji yakija huanza kupenya katika nyufa hizo hizo.

Teton, bwawa la udongo la Marekani, lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza; maji yalikuwa yamesomba udongo kutoka ndani, na kati ya kuonekana kwa uvujaji wa tope asubuhi ile na kubomoka kwa tuta zilipita saa chache tu. Derna, Libya, mabwawa mawili ya kuzuia mafuriko yalivunjika Septemba 2023 na kuua maelfu ya watu, ilhali onyo kuhusu hatari yake lilikuwa limeandikwa mwaka uliotangulia.

Letu je? Miti imeachwa ikanenepa juu ya tuta, ingawa inafahamika kwamba mizizi ikifa na kuoza huyaachia maji njia. Wanyama wamechimba mashimo ubavuni. Bomba la chuma la kutolea maji limeliwa na kutu, na utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada ili yasipande juu ya tuta na kulimega, umezibwa na magogo. Kuyaondoa magogo hayo hakuhitaji mhandisi wala mkopo. Kunahitaji mtu wa kutumwa.

Tunataka ripoti ya ukaguzi wa mwisho iwekwe hadharani, pamoja na ramani ya maeneo yatakayofikiwa na maji bwawa likibomoka na jina la ofisa mwenye wajibu wa kutuamuru tuhame. Kama ukaguzi haujafanyika, tuambiwe hivyo kwa maandishi, kabla ya msimu wa mvua.